Mishale Iliyotua Miwili Miwili

Dangbar, Kheng
2 Machi 1998

Kwa Yeshi Lhaden, mtoto wa binti yangu,

Sisi huku ni wazima. Kikohozi cha mama yako kimepungua, ng'ombe mwekundu amezaa jike, na mjomba wako Namgay amenenepa mpaka mkanda wa joho lake la gho unalia akikaa. Magoti yangu usiyaulize. Anayeandika ni Kezang, muuguzi wa zahanati, maana mkono wangu umeshika panga na mwiko, kalamu haujawahi. Nimemwambia aandike ninavyosema, asininyooshee maneno.

Sasa. Dereva wa lori la machungwa alipita juzi. Anasema alikuona sokoni Thimphu umekonda, umepimiwa pilipili robo kilo ukarudisha nusu yake. Anasema ulipomwona ulijifanya unatazama viatu. Huyo dereva ni mwongo, lakini uongo wake huwa mkubwa mkubwa, hajui kutunga mdogo kama huo. Kwa hiyo nimemwamini.

Una nini? Wamekufukuza kwenye hiyo timu ya mishale? Una mimba? Una njaa? Sema kimojawapo, nijue nikutumie nini.

Mwaka Mpya hatukukuona. Nilikuwekea nyama ya nguruwe iliyokaushwa mpaka paka akaijua njia.

Bibi yako,
Norbu Zam


Thimphu
19 Machi 1998

Bibi yangu,

Nakuinamia mpaka chini. Mwambie mama chai yake ya majani ya mlimani imenisaidia mafua. Nimefurahi kuhusu ndama. Mimi nalala chumba kimoja na Dechen, msichana mrefu wa Paro, anayekoroma kama lori linalopanda mlima, lakini ana roho nzuri.

Sijafukuzwa. Sina mimba. Njaa ni ya kawaida.

Ni hivi, Bibi. Tuko wasichana sita. Mwezi wa kumi watachaguliwa wawili kwenda kushindana Dhaka. Wanne watarudishwa makwao, na mwakani watachukuliwa wapya. Nikikosa sasa, sirudi tena kushika upinde huu.

Mkono wangu hauna tatizo, Kocha Wangda mwenyewe anasema. Tatizo ni mishale. Tunapiga umbali wa mita sabini. Mimi natumia ya alumini, ya zamani. Dechen ana ya kaboni, myeusi, myembamba kama majani ya mpunga, baba yake alimtumia. Kocha ameleta kimashine cha kupima mwendo: mishale yangu inakwenda mita arobaini na tisa kwa sekunde, ya Dechen hamsini na saba. Yake inafika wakati yangu bado inafikiria safari. Ya kaboni mipya ni bei ya ng'ombe wawili, kwa hiyo tusiizungumzie.

Kocha anasema kila mtu achague mishale yake kabla ya katikati ya Oktoba, aizoee, asibadilishe tena.

Naomba kitu kimoja tu. Nitumie mshale mmoja wa marehemu Babu. Watu wa mabonde matatu walikuwa wakiifuata mishale yake. Nitautundika juu ya kitanda uniletee bahati.

Mjukuu wako,
Yeshi


Dangbar
11 Aprili 1998

Yeshi,

Tumepata barua yako, imekuja imelowa. Kuku wawili wamechukuliwa na kicheche. Mama yako anauliza kama unavaa soksi.

Uutundike mshale ukutani ufanye nini? Ukufukuzie mbu? Mtoto, unataka bahati au unataka kulenga? Nijibu haya kwanza, usiruke hata moja.

Ukikosa, mshale unakwenda kushoto au kulia? Sitaki kusikia "unakosa". Kila mshale una upande wake wa kukosea.

Pili, ukiwa njiani mkia wake unatulia, au unatikisika?

Tatu, upinde wako una nguvu gani? Namba za kocha wako sizijui. Utundike upinde kwenye msumari, funga mfuko wa mchele kwenye uzi, uongeze mchele kidogo kidogo mpaka uzi ushuke pale unapoufikisha kidevuni. Kisha uupime huo mchele.

Kezang ameacha kuandika, ananitazama. Nimemwambia nimeishi na fundi mishale miaka arobaini, hata kuku wa nyumba hii wangejua kuuliza hayo. Amecheka. Mumewe ni mpigaji wa timu ya kijiji, na huko wanawake haturuhusiwi hata kuuruka mshale uliolala chini, kwa hiyo cheko lake lilikuwa fupi.

Bibi


Thimphu
6 Mei 1998

Bibi yangu,

Nakuinamia. Mwambie mama soksi ninazo, jozi tatu. Hapa miti ya pichi imemaliza maua.

Kushoto. Daima kushoto. Sikuwahi kuliona mpaka ulipouliza. Na mkia unatikisika, kama mkia wa ndama anayenyonya.

Mchele ulikuwa kilo kumi na tano. Kocha alinikuta uani nimeuning'iniza.

"Yeshi, unapika au unapiga?"

"Napima, Kocha. Bibi yangu kaagiza."

"Bibi yako alikuwa mpiga mishale?"

"Hapana, Kocha. Kwetu wanawake hawagusi."

Akautazama ule mfuko. Kisha akasema, "Mpe salamu zangu," akaondoka.

Bibi, nani alikufundisha hayo?

Yeshi


Dangbar
28 Mei 1998

Yeshi,

Mama yako hajambo. Mpunga tumepanda. Mwambie kocha salamu nimezipata, na kama hajaoa amtafutie Dechen dawa ya kukoroma.

Mishale yako ni migumu kuliko upinde wako. Ilikuwa ya wanaume, sivyo? Waliichoka wakawapa nyinyi. Sikiliza. Mshale ukiachiwa hauendi umenyooka. Unajipinda kuuzunguka upinde, kama samaki anavyolizunguka jiwe, ndipo unanyooka. Mgumu haujipindi, kwa hiyo upinde unausukuma pembeni. Wewe unavuta mkono wa kulia, basi unakwenda kushoto. Ukiwa laini mno ungekwenda kulia. Mwendo ni kitu kizuri, lakini kwenda upesi mahali pasipofaa kuna faida gani?

Ninakutumia kumi na miwili ya mwanzi kwa lori. Ilikuwa darini tangu enzi za babu yako. Nimeichagua iendane na kilo zako kumi na tano.

Ukitaka kujua ugumu wa mshale wowote, wa mwanzi au wa chuma, fanya hivi. Piga vigingi viwili, kimoja mbali na kingine kwa urefu wa mkono mpaka kiwiko na shubiri moja juu yake. Laza mshale juu ya vigingi hivyo. Katikati tundika kifuko cha chumvi, kilekile kila siku. Kisha pima umeshuka punje ngapi za shayiri.

Usimwandikie mjomba wako habari hizi. Ana mambo mengi.

Bibi


Thimphu
9 Julai 1998

Bibi yangu,

Nakuinamia. Natumaini maporomoko hayakufika shambani kwetu. Barabara ilifungwa, mzigo wako umekaa njiani wiki tano. Ulikuja umefungwa kwa kamba ya mgomba na harufu ya moshi wa jikoni kwetu. Nilikaa nao mapajani kabla ya kuufungua.

Nilipofika nao uwanjani, wenzangu wakaanza.

"Yeshi leo anawinda nguruwe!"

"Usimcheke, akikosa shabaha ataezekea nyumba."

Dechen akasema, "Mwacheni, ataoa nayo binti wa mfalme kama yule wa hadithini," wakaanguka kwa kicheko, na mimi nikacheka.

Kimashine kilisema arobaini na tano. Ni mizito, hilo tulilijua. Lakini Bibi, ilikwenda imenyooka! Mkia umetulia kama mtu anayesali. Kushoto kumekwisha kabisa.

Halafu ikaja aibu. Hapa tunapiga sita mfululizo bila kupumzika. Miwili ilitua kwenye njano, katikati kabisa, inagusana. Miwili ikatua juu, inagusana. Miwili chini kulia, inagusana. Mingine vivyo hivyo, mpaka shabaha ikawa kama watu wamekwenda kucheza ngoma kila mtu na mwenziwe. Nimerudia siku nne. Kocha anasema mkono wangu haujabadilika. Sasa sijui kama nimeharibika mimi au vipi. Nimebakiwa na miezi mitatu, Bibi, na jana nililia mbele ya watu.

Na jambo jingine. Babu amekufa miaka sita sasa. Huu mwanzi umekaushwa lakini bado una ukijani kwenye pingili. Uzi uliofungia manyoya ni wa hariri, wa rangi ya ile nguo yako ya kira ya sherehe, ile iliyochanika pindo. Nani ametengeneza mishale hii?

Yeshi


Dangbar
30 Julai 1998

Yeshi,

Maporomoko yalichukua choo cha Namgay, yeye mwenyewe hakuwemo. Tumecheka siku mbili.

Acha kulia. Hujaharibika. Mjinga ni mimi.

Kezang alipofika kwenye swali lako la mwisho alinitazama. Nikamwambia soma mpaka mwisho. Akasoma. Sasa nimemwambia aandike, na akitoboa siri hii nitamwambia mumewe nani alikunywa ile pombe ya mchele ya sadaka akasingizia panya. Anaandika, mashavu mekundu.

Hapa Dangbar mtu anapiga mishale miwili kwa zamu. Miwili, kisha anampisha mwenziwe. Babu yako alipiga miwili, baba yake miwili, na hao wanaovuka mito kuja kushindana nasi wanapiga miwili. Hakuna aliyewahi kuhitaji wa tatu ufanane na ule wa kwanza. Kwa hiyo nililinganisha miwili miwili: pingili, uzito, ugumu, kila mmoja na mwenziwe kama pacha. Lakini pacha hawa na pacha wale sikuwalinganisha. Haikunijia kichwani kwamba kuna mtu duniani anapiga sita bila kupumzika.

Ndiyo, nimesema nililinganisha. Umeuliza, na bila kusema hivyo ungeendelea kulia. Mengine usiulize kwa karatasi.

Chagua ile miwili iliyotua katikati. Itie alama unirudishie kwa lori. Nina mianzi mikavu juu ya meko, ya kipupwe kilichopita, kabla utomvu haujapanda. Mizuri si mingi. Nitatafuta humo kumi na miwili inayofanana na hiyo miwili yako.

Kula. Nakutumia jibini na pilipili. Ukirudisha nusu nitajua.

Bibi


Thimphu
22 Agosti 1998

Bibi yangu,

Nakuinamia. Jibini limefika, tumekula na Dechen mpaka tukatokwa jasho. Pole kwa choo cha mjomba.

Ile miwili ninairudisha, nimeifunga uzi wa njano. Sitauliza. Ila nataka ujue kwamba nilipoelewa nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Kuhusu mazoezi, mambo ni ya kawaida. Asubuhi hewa inatulia. Alasiri upepo unapanda kutoka mtoni. Kocha anasema mashindano ya kutuchagua yatafanyika alasiri, na huo upepo mwezi wa kumi huwa mkali zaidi. Kuna sanduku la mishale mikuukuu ya kaboni stoo, mchanganyiko tu, hakuna anayejua ilikuwa ya nani. Si kitu.

Usijichoshe, Bibi. Hapa upepo ni mwingi.

Yeshi


Dangbar
29 Septemba 1998

Yeshi,

Mama yako hajambo, amekuandikia barua yake peke yake, utaisoma. Mahindi yameiva. Nguruwe mwitu wamekula robo.

Umeandika upepo mara tatu kwenye karatasi moja. Mtu hautaji upepo mara tatu bure. Najua mwanzi ni mnene na upepo unaushika. Nimeyakata manyoya mafupi, nikakwangua ganda kadiri lilivyokubali. Kumi na miwili imo humu. Imepinda punje tatu na nusu yote, mmoja mmoja nimeipima mara saba. Mianzi mia na sita nimeichambua kupata hiyo.

Sasa habari utazisikia kwa wengine, bora uzisikie kwangu. Wiki iliyopita, siku moja kabla ya sikukuu ya Mvua ya Baraka, timu yetu ilikuwa inajiandaa kupambana kesho yake na watu wa ng'ambo ya mto. Wanaume wote walishahamia nyumba ya hekalu, wasilale na wake zao. Namgay akarudi mchana kuchukua mishale ya baba yake. Akanikuta jikoni, vigingi mbele yangu, vumbi la mwanzi limejaa mapajani.

"Mama, unafanya nini?"

"Nakaanga mtama. Huoni?"

"Hiyo ni mishale."

"Hongera, wewe macho yako ni mazima. Ya baba yako yalikufa mapema."

Alitoka bila kuchukua kitu. Kesho yake wakashindwa, vibaya, hata ngoma hawakucheza. Jioni jua likiwa bado mlimani, wakaja wote uani kwangu, mzee Gembo mbele.

"Norbu Zam, umetutia mkosi. Mishale imeguswa na mwanamke."

Nikamwambia, "Gembo, miaka kumi na moja mliyokuwa mnashinda mishale ilikuwa inaguswa na nani? Na kuku?"

Ndipo nikawaambia. Babu yako macho yaliingia ukungu tangu mama yako hajaolewa. Alikaa mlangoni na kisu mkononi ili watu wamwone, na mimi nilikuwa ndani nachonga. Alikuwa akiushika kila mshale na kuniambia, "Huu bado, rudia." Alikuwa na vidole vya ajabu. Alinifundisha yote, na aliona haya mpaka siku ya kufa kwake. Kwa hiyo nikanyamaza kwa ajili yake, na nilipozoea kunyamaza sikujua namna ya kuacha.

Mzee Gembo hakunitazama. Walifukiza mishale yote kwa majani ya mlimani, wakanikataza kukaribia uwanja mpaka Mwaka Mpya upite. Miaka hamsini nimekuwa mstari wa mbele kuwaimbia wageni matusi wanapolenga. Kuna mtu mmoja wa ng'ambo aliacha kabisa kupiga kwa sababu yangu. Basi, magoti yatapumzika.

Mishale hiyo ni yako. Vuta vizuri.

Bibi


Thimphu
27 Oktoba 1998

Bibi yangu,

Nakuinamia, na leo ninainama zaidi. Barua hii nimeiandika mara nne. Mara tatu za kwanza nilianza na habari za hali ya hewa.

Nimechaguliwa. Dechen wa kwanza, mimi wa pili. Nimempita wa tatu kwa pointi tatu. Tunaondoka Desemba.

Sikupiga mishale yako.

Nataka nikueleze vile ulivyonifundisha, bila kuruka. Ilipofika niliipima asubuhi, hewa imetulia. Yote kumi na miwili ilitua ndani ya duara lisilozidi bakuli letu la mchuzi. Wenzangu hawakucheka. Kocha aliichomoa mmoja mmoja akiihesabu, kisha akaomba kuishika tena. Hakuna mishale humu, hata ya Dechen, iliyowahi kukaa pamoja hivyo kwa mkono wangu.

Alasiri nikaipima tena. Upepo uliisukuma viganja viwili, na haukuisukuma sawa, maana upepo wenyewe hautulii. Inakwenda polepole, unapata muda wa kuichezea.

Nikakaa nikaifikiria siku mbili. Kisha nikaenda stoo nikatoa lile sanduku la kaboni kuukuu. Ilikuwa arobaini na mmoja, mingine haina hata manyoya. Nikapiga vigingi viwili uani. Nikashona kifuko nikatia chumvi. Nikaipima yote, na shayiri niliomba kwa mama wa jikoni. Mingi ilikuwa migumu mno. Lakini kumi na mitatu ilishuka sawasawa, na kumi na miwili kati yake ilikuwa na uzito mmoja. Nikaifunga manyoya mapya. Kimashine kikasema hamsini na sita. Kwenye upepo ilihama kiganja kimoja, na ilihama pamoja.

Hiyo ndiyo niliyopiga. Wasichana wawili wameniomba niwapimie yao.

Bibi, umefukuzwa uwanjani kwa sababu ya mishale ambayo sikuitumia. Hilo siwezi kuliandika vizuri kwa namna yoyote. Ningeweza kukudanganya, hakuna ambaye angekuambia. Niliona ni afadhali unikasirikie.

Mjukuu wako,
Yeshi


Dangbar
20 Novemba 1998

Yeshi,

Mama yako amepiga kelele mpaka mbwa wamekimbia. Namgay anatembea kijijini kama yeye ndiye anayekwenda Dhaka. Tumechinja. Machungwa yameanza.

Kezang alipomaliza kusoma aliniuliza kama anisomee tena. Nikamwambia mara moja inatosha, aende, arudi kesho. Nililia. Nakuambia ili usifikiri bibi yako ni jiwe. Nililia muda wa sufuria ya mchele kuiva, mama yako alipoingia nikasema ni pilipili, akajifanya ameamini.

Sasa unisikilize. Ungeipiga mishale yangu kwa huruma ukashindwa, ningepanda lori hilohilo la machungwa nije kukuchapa mbele ya kocha wako. Mishale si maua ya kupelekea wazee. Ulipima. Ulikuta mwingine unafaa zaidi kwa upepo huo. Ukauchukua. Babu yako angekushika uso kwa vile vidole vyake.

Na mimi hawakunifukuza kwa sababu yako. Walinifukuza kwa sababu ni wapumbavu, na upumbavu wao ni wa zamani kuliko wewe. Juzi mzee Gembo alikuja. Alisimama mlangoni akasema mvua imechelewa, halafu akasema mbuzi wake anachechemea, halafu akatoa mishale miwili ndani ya gho akasema inakwenda kulia.

Nikamwambia, "Mimi nimekatazwa."

Akasema, "Umekatazwa uwanjani. Hapa ni jikoni."

Nikamwacha asimame kidogo zaidi, kisha nikamwambia aingie, miguu aifute.

Lile kundi langu la kumi na miwili wape wasichana wapya watakaokuja mwakani, wajifunzie asubuhi kabla ya upepo. Kabla hujawapa wafundishe kupima.

Lakini kuna neno limeninyima raha tangu Kezang alisome. Hamsini na sita. Upinde uleule, mkono uleule. Mimi nikiukwangua mwanzi uwe mwepesi, unalegea. Nikiuacha uwe mgumu, unakuwa mzito. Maisha yangu yote nimekaa kati ya hayo mawili, na babu yako kabla yangu, na wala hatukudhani yanaweza kutenganishwa. Huo ufito wako mweusi ni mwepesi na umekataa kulegea. Nani alifanya hivyo? Aliukausha kwa moto gani?

Ukitoka Dhaka niletee mmoja. Mzima usiniletee, mzima utauhitaji. Niletee uliovunjika, na usiusafishe pale ulipovunjikia. Nataka kuona ndani.

Bibi yako,
Norbu Zam